Mifumo miwili ya hospitali haiongei? Jinsi ya kuifanya ipeane data bila kusubiri kampuni zipatane

Wakuu, hii nawaandikia wale jamaa wa hospitali na vituo vya afya ambao kila mwisho wa mwezi wanakaa na skrini mbili, huku mfumo wa hospitali, kule DHIS2 (mfumo wa serikali wa kukusanya takwimu za afya), unasoma namba huku unaichapa kule, jicho linaruka mstari unarudia upya. Pembeni kuna maabara nayo ina mfumo wake wa kampuni nyingine kabisa. Hizo kampuni mbili ni washindani, kila moja inauza "mfumo kamili wa hospitali nzima" na kila moja inaomba Mungu mwenzake afungashe virago, kwa hiyo ukisubiri wakae meza moja wakuunganishie utastaafu.

Kazi hii nimeifanya kwa miaka kadhaa na ninachoweza kukwambia ni kwamba waya na API (mlango ambao mfumo mmoja unapitishia data kwa mwingine) ndio sehemu rahisi. Kinachotesa ni maana. Mifumo miwili inaweza kutumiana data usiku kucha bila kosa hata moja na bado namba zikawa za uongo, kwa sababu neno moja huku lina maana hii na kule lina maana ile. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini hazihitaji kuandika programu yoyote.

1. Andika swali moja kwenye karatasi

Usianze na "nataka mifumo iongee". Iongee nini? Andika sentensi moja, mfano: "nataka idadi ya wagonjwa wa malaria wa OPD (wagonjwa wa nje) waliopimwa itoke mfumo wa hospitali iingie DHIS2 kila mwezi bila mtu kuchapa." Au: "nataka jibu la maabara limfikie daktari kwenye skrini yake bila karatasi." Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa. Ya kwanza ni jumla, haina jina la mgonjwa. Ya pili ni mtu mmoja mmoja, na hapo ukikosea mgonjwa anapewa jibu la mwenzake. Kama hujawahi kufanya, anza na ya kwanza.

2. Soma mkataba kabla hujampigia fundi wa kampuni

Mwombe mganga mfawidhi au mtu wa manunuzi kopi ya mkataba. Tafuta vitu vitatu: data ni mali ya nani, hospitali inaweza kuitoa yote kwa aina gani ya faili, na mkataba ukiisha nini kinatokea. Mara nyingi utakuta hakuna hata kimoja, ila bei na tarehe za malipo zipo zimekolezwa wino.

Ukimuuliza fundi wao atakwambia "API ipo mkuu, ila ni moduli ya kulipia". Usigombane naye, yeye ni kijana wa watu ameajiriwa. Mwombe kwa barua, kupitia uongozi, vitu viwili: orodha ya majedwali na kolamu na maelezo ya kila kolamu, na eksporti ya data ya mwezi mmoja kwa CSV (faili la maandishi, kolamu zimetenganishwa kwa mkato). Barua ina faida moja, ikikaa wiki tatu bila jibu una kitu cha kuonyesha kikao cha kuongeza mkataba. Na mkataba ukifika wakati wa kuongezwa ndio muda wa kupenyeza kipengele cha data kutolewa bure kwa aina ya faili inayosomeka na programu yoyote. Wakati wa kuongeza mkataba kampuni huwa na adabu sana.

3. Pata faili halisi, na USILIFUNGUE kwa kukliki mara mbili

Hapa naomba tukae kidogo maana wengi ndipo wanapoangukia. Faili la CSV ukilikliki linafunguka kwenye Excel, na Excel ina tabia ya kujua kuliko wewe. Namba ya simu 0754 na kuendelea inakuwa 754, sifuri ya mbele imeliwa. Namba ya faili la mgonjwa 004512 inakuwa 4512. Kikundi cha umri "5-9" kinageuka tarehe, unakuta mgonjwa ana umri wa Mei 9. Mbaya kuliko zote ni namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), ina tarakimu 20, na Excel inashika tarakimu 15 tu za namba, zilizobaki inaziandika sifuri. Yaani tano za mwisho za kila mtu zinakuwa 00000, na ukisevu hapo hapo zimepotea moja kwa moja, hakuna kurudi nyuma.

Dawa yake: fungua Excel tupu, nenda sehemu ya Data, chagua kuingiza kutoka faili la maandishi, na kila kolamu ya utambulisho iambie ni maandishi sio namba. Au tumia LibreOffice, yenyewe inakuuliza mapema kabla haijafungua. Faili la asili libaki kwenye folda yake hulisevu kamwe, unafanyia kazi kopi.

Ukishafungua angalia haya:

- Tarehe. 03/04/2025 ni Aprili 3 au Machi 4? Mfumo mmoja umetengenezwa Kimarekani mwingine Kiingereza. Tafuta mstari wenye siku iliyozidi 12, huo ndio utakaokwambia ukweli. Ukishajua, zote zigeuze ziwe 2025-04-03, mwaka kwanza, hakuna wa kubishana nayo.
- Jinsia. Mfumo mmoja una M na F, mwingine Me na Ke, mwingine 1 na 2. Kuna siku nilikuta kituo kimoja wanawake ni wachache ajabu wakati kliniki ya wajawazito imejaa, kumbe dada wa mapokezi anachapa M kwa mwanaume na M kwa mwanamke, na kwa Kiswahili hajakosea jamani, vyote vinaanza na M.
- Majina. Ng'wandu yenye kile kialama cha juu inaweza kuvunja faili zima au ikaingia kama Ng?wandu. Hakikisha faili limesevuliwa UTF-8 (mtindo wa kutunza herufi unaochagua wakati wa kusevu), na amua kialama kimoja, sio huku kilichonyooka na kule kilichopinda, maana kwa kompyuta hayo ni majina mawili ya watu wawili.

4. Saa, jamani saa

Hii naipa sehemu yake peke yake. Wodi ya wazazi ya hospitali moja, sitaitaja, tulivuta data ya miezi mitatu na hakuna mtoto hata mmoja aliyezaliwa baada ya 12:59 ya mchana kwa saa ya mfumo. Si watoto wote wa eneo lile wamekubaliana kuzaliwa asubuhi, manesi walikuwa wanachapa saa ya Kiswahili. Mtoto kazaliwa saa nane usiku, nesi anachapa 08:00, mfumo unajua ni asubuhi. Saa mbili usiku inakuwa 02:00. Na huwezi kuirekebisha kwa kujumlisha 6 tu, kwa sababu 02:00 inaweza kuwa saa mbili asubuhi au usiku, na kuna nesi mwingine zamu nyingine alikuwa anachapa sawasawa. Tulirudi kwenye kitabu cha MTUHA (mfumo wa taarifa za utoaji wa huduma za afya) namba 12, cha wodi ya wazazi, mmoja mmoja. Tangu siku hiyo nikipata faili la mtu kitu cha kwanza naangalia saa zimesambaa vipi ndani ya 24.

Ndugu yake wa hili ni ile saa ya kimataifa. Mifumo mingi inatunza muda kwa UTC, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Mtoto aliyezaliwa Aprili 1 saa saba na nusu usiku, kwenye seva ameandikwa Machi 31 saa 22:30. Ukihesabu jumla za mwezi bila kugeuza kwanza, huyo mtoto umempeleka ripoti ya Machi. Ni wachache kwa mwezi ila ndio haohao watakaokunyima usingizi ukitafuta kwa nini namba zimepishana kwa 2.

5. Tengeneza jedwali la maana

Chukua Excel (sasa ruhusa), kolamu nne: neno la mfumo A, neno la mfumo B, sharti, na jina la aliyekubali. Hiyo ya nne usiiache. Maana haiamuliwi na mtu wa TEHAMA, inaamuliwa na daktari, mtu wa maabara, na mratibu wa MTUHA wa wilaya.

Tuchukue malaria. Kwenye mfumo wa hospitali daktari anachagua kodi ya ICD-10 (orodha ya kimataifa ya magonjwa, kila ugonjwa na alama yake), mara nyingi B54, malaria isiyotajwa aina, au B50 ya vimelea vya falciparum. Unadhani basi, B50 na B54 jumlisha peleka DHIS2. Hapana. Ripoti ya MTUHA inataka malaria kwa jinsi ilivyothibitishwa: kwa hadubini, kwa mRDT (kipimo cha haraka cha malaria), au bila kipimo. ICD-10 haijui kipimo kilichotumika. Kwa hiyo sharti lako linakuwa: kodi ni B50 mpaka B54, NA kuna jibu la maabara la hudhurio hilohilo, NA jibu ni chanya, ndio anaingia mstari wa mRDT au wa hadubini. Asiye na kipimo mstari wake ni mwingine. Na mwenye kodi ya malaria lakini kipimo hasi? Hapo unamuita daktari, na jibu lake unaliandika kwenye jedwali na tarehe. Umeona sasa, ripoti moja ndogo tayari inahitaji mifumo yote miwili, wa hospitali na wa maabara, waliogombana.

Mfano wa pili umenichekesha na kuniliza. "Mgonjwa mpya." Mfumo wa hospitali ukimwita mtu mpya unamaanisha hajawahi kufunguliwa faili hapa tangu dunia iumbwe. MTUHA inauliza waliohudhuria kwa mara ya kwanza MWAKA HUU. Bibi anayekuja kila mwaka tangu 2015, akija Januari kwa MTUHA ni wa mara ya kwanza, kwa mfumo ni wa kurudia. Ukiunganisha neno kwa neno Januari yako itakuwa na wapya wachache mno na kila mtu wilayani atauliza kituo kimekimbiwa au vipi. Sharti sahihi: hana hudhurio lingine kuanzia Januari 1 ya mwaka huo.

Umri nao: mfumo unatoa makundi yake ya 0-4, 5-14, 15-24, wakati ripoti ya OPD inataka chini ya mwezi 1, mwezi 1 hadi chini ya mwaka, mwaka hadi chini ya miaka 5, 5 hadi chini ya 60, na 60 kuendelea. Usijaribu kugawanya makundi yao, haiwezekani. Omba tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya hudhurio uhesabu mwenyewe.

6. Mgonjwa ni yupi (kama kazi yako ni ya jumla tu, ruka)

Maabara na hospitali lazima wakubaliane namba moja ya kumtambua mtu. NIDA ni nzuri ila watoto wengi hawana, na wagonjwa wako wengi ni watoto. Kadi ya bima, wengine hawana. Namba ya faili la hospitali ndiyo inayobaki, basi maabara waipokee hiyohiyo ilivyo, na sifuri zake za mbele, wasitengeneze yao.

Usimtambue mtu kwa jina. Mashine nyingi za maabara na mifumo yake zinatumia HL7 toleo la 2 (kanuni ya mifumo ya afya kutumiana ujumbe), ujumbe wake unafanana hivi:

PID|1||004512||JUMA^ASHA||19920304|F

Baada ya namba ya faili linakuja jina, na utaratibu wake ni jina la ukoo kwanza halafu lake. Sisi wengi jina la pili ni la baba sio la ukoo, sasa Asha Juma Salum mfumo mmoja utamwandika SALUM^ASHA^JUMA, mwingine JUMA^ASHA, mwingine utamgeuza ASHA awe ukoo. Ukilinganisha kwa jina utapata watu watatu. Jina litumie kwa jicho la binadamu tu, kuthibitisha. Na kama mfumo unakuambia "hawa wawili wanafanana niwaunganishe?" jibu ni weka kwenye orodha, mtu aangalie. Kuunganisha watu wawili ni dakika moja, kuwatenganisha baada ya miezi mitatu ya majibu ya damu ni kilio.

7. Sasa chagua njia

Njia ya kwanza ni faili: kila usiku mfumo A unatema CSV kwenye folda, mfumo B unameza. Watu wanaidharau lakini kwa kituo cha umeme wa kukatika ni nzuri, faili lipo, unaliona kwa macho, ukikosea unalirudia.

Ya pili ni API moja kwa moja. DHIS2 inapokea data ya jumla kwenye anwani yake ya /api/dataValueSets, kwa JSON (maandishi ya mpangilio mwingine) au CSV. Mstari mmoja ni hivi:

f7n9E0hX8qk,202503,DiszpKrYNg8,,,12

Yaani kitu kinachohesabiwa, kipindi (Machi 2025 inaandikwa 202503), kituo, mgawanyo wa umri na jinsia, kisha mgawanyo mwingine wa ziada, vyote viwili hapa nimeviacha wazi, na mwisho thamani. Hizo herufi 11 za ajabu ni vitambulisho vya DHIS2 yenyewe, unavichukua mule mule. Kwa kutuma kwa njia hii omba akaunti kwa wasimamizi wa mfumo, usitumie paswedi ya mtu wa wilaya "kwa muda". Mara ya kwanza weka dryRun=true, itakagua bila kusevu. Ikijibu itakupa hesabu: zilizoingia, zilizobadilishwa, zilizoachwa. Hiyo ya zilizoachwa isome kila mara, mtu anaona ujumbe wa mafanikio anaenda kunywa chai kumbe 40 zimeachwa kwa sababu kitambulisho cha kituo kimekosewa herufi moja (kubwa na ndogo ni tofauti hapo). Halafu sifuri: DHIS2 kwa kawaida haitunzi 0 mpaka kitu hicho kiwe kimewekewa kwamba sifuri ina maana. Uliza mapema, maana "hakuna kipindupindu" na "hatujaripoti kipindupindu" sio habari moja.

Ya tatu ni kuweka mpatanishi katikati, kama OpenHIM, programu ya bure. Mifumo 5 ikiunganishwa kila mmoja na mwenzake ni njia 10, ikipitia kwa mpatanishi ni njia 5. Pia ina faida ya kisiasa: kampuni A haimtumii data mshindani wake B, inatuma kwa mpatanishi wa hospitali. Nimeona watu waliokataa katakata wakakubali kwa hilo tu. Kwa mfumo mpya unaonunuliwa sasa dai FHIR toleo R4 (kanuni mpya ya kubadilishana data za afya) kwenye mkataba, na usikubali neno "tunasapoti FHIR", waambie waonyeshe hapo hapo mgonjwa mmoja na kipimo kimoja kikitoka.

8. Zuia ujumbe kuingia mara mbili

Mtandao ukikatika katikati, mtumaji hajui kama umefika, anatuma tena. Namba za jumla za DHIS2 hazina shida, ya mwisho inafuta ya kwanza. Lakini oda za maabara zinaingia mbili, mgonjwa anatobolewa mara mbili na bili mbili. Kila ujumbe uwe na namba yake ya kipekee inayotoka kwa mtumaji, na mpokeaji akiona namba aliyokwisha kuipokea ajibu "ninayo" na asifanye kitu. Lijaribu kwa makusudi: tuma ujumbe uleule mara tatu, chomoa waya katikati, hesabu oda ngapi zimeingia. Kama ni zaidi ya moja hamjamaliza.

9. Linganisha na kitabu miezi miwili kabla ya kuacha kuchapa

Endelea kuchapa kwa mkono na mashine itume kwenye seva ya majaribio. Mwisho wa mwezi weka pembeni kwa pembeni, pamoja na kitabu namba 5 cha OPD. Zikipishana usiseme "asilimia 3 sio mbaya", tafuta ni wagonjwa gani hasa, kwa namba za faili. Mara nyingine mashine ndiyo iko sahihi na kitabu kimeruka siku ya sikukuu, na hiyo nayo ni ya kuandika.

10. Mambo ya siri

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019, zote zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa lugha ya ofisini: faili lenye majina halipiti kwenye grupu la WhatsApp, hata kama ni "grupu letu la wilaya tu", wala kwenye flashi ya mtu. Kama kampuni inaomba data ya majaribio, badilisha majina na namba kabla, na jibu la VVU toa kabisa. Andika nani ameomba nini na lini.

11. Ikishaanza kufanya kazi

Chagua mtu mmoja mwenye jina ambaye kila Jumatatu asubuhi anafungua logi (kumbukumbu za mfumo za nini kimetumwa na nini kimegoma). Logi isiyo na mwenyewe haisomwi. Halafu tunza faili dogo la majaribio la wagonjwa 20 wa kubuni, wenye kila kituko: Ng'wandu, mtoto wa siku 3, aliyezaliwa saa saba usiku tarehe 1, mwenye kipimo hasi na kodi ya malaria. Kampuni ikifanya apdeti, na wataifanya Ijumaa jioni bila kukwambia, unapitisha hilo faili unaona kama majibu ni yaleyale. Mara moja wetu walibadilisha jina la kolamu moja tu, wakaongeza nafasi mbele yake, na siku nne maabara ikarudi kwenye karatasi.

Na lile jedwali la maana liprinti. La kwangu lina kurasa 4, juu kuna namba ya toleo na tarehe, kopi moja iko ukutani mapokezi, nyingine anayo mratibu wa MTUHA wilayani, na ukurasa wa malaria umeshachanika tumeubandika selotepu.